Vituo Vyote Vimejiunga

Nchi ninayoisimulia siitaji jina. Si kwa woga. Sheria yake inataka jina hilo litajwe mtu akiwa amesimama wima, mkono kifuani, nami goti langu la kushoto linaniuma. Ninyi wenyewe mtaijua, au mtajifanya hamuijui, kama nilivyofundishwa mimi.

Tena niseme mapema, mimi siipingi Serikali. Mimi na Serikali ni pete na kidole. Yenyewe ndiyo kidole, ikichoka kunivaa inanivua, wala sina kinyongo. Nasimulia tu yaliyosikika redioni, na yaliyosikika redioni hayawezi kuwa uchochezi, maana Serikali yenyewe iliamuru yarushwe.

Yalianzia mjini Mabirika, siku Rais wetu, Mfariji Mkuu, alipokuja kutufungulia bomba la maji. Lilikuwa bomba zuri sana. Lilipakwa rangi za bendera, likafungwa utepe, likasimama peke yake katikati ya uwanja bila kuunganishwa na chochote, kwa sababu bajeti ya mwaka ule ilikuwa ya bomba, na ya maji ilikuwa bado inajadiliwa. Rais akakata utepe, akafungua koki. Bendi ya polisi ikapiga, mawaziri wakapiga makofi, sisi tukapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakupiga makofi, kinyozi mmoja aitwaye Mwinjaka. Yeye alitoka kwenye mstari na ndoo yake, akaikinga chini ya bomba, akasimama kungoja.

Hakusema neno, na hilo ndilo lililomponza. Angetukana, sheria ya matusi ipo. Lakini kungoja maji chini ya bomba lililofunguliwa na Rais, mbele ya mabalozi, ni uhalifu ambao hata waliotunga sheria walikuwa hawajauota. Rais aliitazama ile ndoo, akalitazama bomba, akageukia upande wa pili kusalimia watoto. Jua halijazama, mabwana wawili wenye miwani myeusi walifika kibandani kwa Mwinjaka, wakamwalika awe Mgeni wa Taifa. Alikuwa ananyoa mteja. Mteja yule alirudi nyumbani na nusu ya nywele zake.

Nchini kwetu hakuna wafungwa wa siasa. Hao wako kwa wenzetu. Sisi tuna wageni, na wageni wana jumba lao katika mji mkuu, nyuma ya Ikulu, lenye ukuta mrefu ili wasisumbuliwe na jua. Jumba lenyewe pia halipo, na Bunge lilishaelezwa hivyo zaidi ya mara moja.

* * *

Mkewe, Bi Mwanamkasi, alikuwa mshereheshaji wa harusi. Sauti anayo, na adabu anayo. Alivaa kanga zake za heshima akaenda kumtafuta mumewe katika ofisi za Serikali.

Sasa ninyi mnazijua desturi zetu. Mtu wa kwetu haanzi na balaa. Hata nyumba yake ikiwa inaungua, ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu kwanza "nzuri", kisha ndipo aseme "ila". Nzuri tu, ila mama amefariki. Salama kabisa, ila tembo wamemaliza shamba. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni unamkaribisha kitini kwanza, halafu ndipo unamwambia kuwa kiti kina mguu mbovu. Maofisa wetu nao walilelewa hivyohivyo, ila tangu waajiriwe walibaki na nusu ya kwanza tu.

"Habari za nyumbani, mama?" akauliza ofisa wa kwanza.

"Nzuri tu, baba. Ila mume wangu..."

"Tunashukuru kwa nzuri. Anayefuata!"

Kituo cha polisi wakamwambia, "Mama, umesema kwa kinywa chako mwenyewe kuwa habari ni nzuri. Sisi hapa tunashughulika na mbaya." Ofisi ya wilaya wakampa pole kwa kukosa tatizo. Kwenye lango la lile jumba lisilokuwepo, askari alimuuliza habari za safari, akajibu nzuri, askari akamtakia kurudi kwema.

Alirudi Mabirika, akakaa barazani kwake, miguu imevimba. Majirani tulikwenda kumpa pole. Nakumbuka alisema, "Kumbe nchi hii husikiliza mpaka nzuri tu, halafu inaziba masikio." Kisha akawa anaisikiliza redio ya jirani iliyokuwa inaimba tangazo la sabuni. Aliisikiliza vile hata akasahau chai yake.

* * *

Redio Mabirika ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Kutani zilibandikwa trei za mayai ili sauti isivume, na palikuwa na feni isiyoruhusiwa kuwashwa kipindi kikiwa hewani. Mwenye kituo, Bwana Kitwana, alipiga taarabu na matangazo ya sabuni tangu asubuhi hadi magharibi, kwa kuwa Kanuni za Redio zilikataza habari zisizothibitishwa, maoni yasiyo na mdhamini, na maswali ambayo majibu yake hayajaidhinishwa.

"Dada Mwanamkasi, nakuheshimu," alisema Bwana Kitwana, "lakini kituo hiki ndicho kinacholisha wanangu. Hicho kipindi chako ni cha nini?"

"Salamu."

"Salamu na nini?"

"Na salamu. Mtu anapiga simu, namuuliza habari za huko, ananijibu, namshukuru."

"Na hilo si swali? Kanuni inataka jibu lililoidhinishwa."

"Kaka Kitwana, habari za huko?"

"Nzuri," alijibu Kitwana kabla hajafikiri.

"Basi jibu si ndilo hilo? Aliliidhinisha bibi yako."

Kitwana alikuna kichwa, akatafuta kosa, hakuliona. Akampa Ijumaa alasiri, saa ambayo hakuna muuza sabuni aliyeitaka, na kipindi kikaitwa *Habari za Huko*.

Kipindi cha kwanza alipiga mzee mmoja wa ng'ambo ya mto.

"Habari za huko, baba?"

"Nzuri tu, mwanangu. Mvua imenyesha, mahindi yamestawi. Ila daraja limeondoka."

"Limeondoka?"

"Limeondoka na mto. Lile la juzi, la Wizara. Dada yangu kule chini ameliona likipita kwake, anasema lilikuwa bado na utepe."

"Poleni sana."

"Tushapoa."

Akafuata muuguzi wa zahanati. Habari za huko nzuri, jengo limepakwa rangi, kitanda kimefika, ila dawa zimekwenda kumtembelea mganga mkuu nyumbani kwake na hazijarudi. Akafuata mwalimu. Habari nzuri, darasa jipya limezinduliwa, ila kila kiongozi anayepita analizindua upya, na watoto hawajapata nafasi ya kuingia. Kila mmoja alisema nzuri yake kwa moyo mweupe, na kila mmoja akapewa pole yake.

Mwishoni Bi Mwanamkasi alisogeza maikrofoni. "Salamu za mwisho zimfikie mume wangu Mwinjaka, popote alipo. Habari za huko, mume wangu?" Kisha akanyamaza. Hakupiga wimbo. Alimwachia nafasi ya kujibu, kama adabu inavyotaka, na sisi tuliokuwa tunasikiliza tukajikuta tumenyamaza naye.

* * *

Redio zote za nchi yetu husikilizwa na Wizara ya Masikio ya Taifa. Waziri wake alikuwa Daktari Injinia Mheshimiwa Mchopanga. Ni daktari wa nini na injinia wa nini, haijatangazwa. Waziri hakusikiliza redio mwenyewe. Aliandikiwa muhtasari na maofisa, nao, kama maofisa wote, waliacha kuandika kila walipofika kwenye "nzuri". Hivyo muhtasari wa *Habari za Huko* ulimfikia Waziri ukisema kwamba wananchi wote walioulizwa hali zao, bila kulipwa, bila kusukumwa, wakiwemo wa ng'ambo ya mto, wamejibu kuwa ni nzuri.

Waziri aliusoma akiwa amekaa, akasimama akausoma tena. Kesho yake aliita waandishi.

"Ndugu wananchi," alisema, "maadui zetu wamekuwa wakidai kuwa furaha ya taifa hili haipimiki. Leo nawatangazia kuwa imepimwa! Imepimwa kwa mitambo ya kisasa, kwa sauti ya mwananchi mwenyewe, na kipimo kimejaa mpaka kimemwagika. Nchi zilizoendelea zinafanya utafiti. Sisi tumepiga simu. Kuanzia Ijumaa hii, vituo vyote vya redio, vya umma na vya watu binafsi, vijiunge na Redio Mabirika. Kituo kitakachokataa furaha, tutakisaidia kufunga."

Basi vikajiunga. Vituo vya bara na vya pwani, vya kilimo, vya dini na vya mpira. Vipaza sauti vya stendi vikaunganishwa, vya hospitali, vya viwanja vya ndege, na vya lile jumba la wageni, ambalo halipo, ingawa zabuni ya spika zake ilitangazwa gazetini. Mtu anaweza kuhangaika maisha yake yote akitafuta kituo cha pili kimrushie kipindi chake. Bi Mwanamkasi alipewa nchi nzima asubuhi moja, na hakuwa ameiomba.

Ijumaa hiyo Waziri aliwaalika mabalozi wasikilize furaha pamoja naye, juisi na sambusa juu ya meza. Alipiga mtu wa Kaskazini. Habari za huko? "Nzuri tu," akasema, na Waziri akawageukia mabalozi kwa tabasamu. "Ila tangu mwezi uliopita tunakula mizizi, maana mahindi ya msaada yamepitiliza." Waziri akaamuru redio izimwe kwa ajili ya sala. Haikujulikana ni sala ya dini gani.

Jumatatu ikaundwa Idara ya Mkasi. Kipindi kikawa kinarekodiwa Jumatano, kinapelekwa mji mkuu, kila "nzuri" inaachwa na chote kinachofuata kinakatwa, na pale penye pengo inawekwa ngoma. Bi Mwanamkasi aliitwa wizarani akaelezwa. Hakubisha. Aliomba jambo moja tu, kwamba ile salamu ya mwisho isiguswe.

"Huyu Mwinjaka ni nani?" akauliza Waziri.

"Mume wangu, Mheshimiwa. Amesafiri."

"Na ndani ya salamu yake mna ila?"

"Hamna, Mheshimiwa. Hajibu."

Waziri akapumua. "Salamu isiyojibiwa haina madhara," alisema, akaipitisha, na akamsindikiza Bi Mwanamkasi mpaka mlangoni kwa heshima zote.

* * *

Sasa nchi nzima ikawa inasikia "nzuri tu", halafu ngoma. Wizara iliamini kwamba imemaliza kazi. Lakini ukimwekea mtu wa kwetu "nzuri tu" bila mwisho wake, atautafuta mwenyewe, kama anayesikia kiatu kimoja kikianguka chumba cha pili. Ngoma ilijaza pengo sawasawa, wala haikuzidi, kwa hiyo ngoma fupi ilikuwa shida fupi, na ndefu ilikuwa ndefu. Haikutuchukua muda kujifunza.

"Leo ya Kaskazini imekuwa ndefu," jirani yangu alikuwa akisema, sikio kwenye redio.

"Daraja?"

"Daraja halina ngoma ndefu hivyo. Hiyo ni njaa."

Na watu wa Kusini, ambao hawajawahi kufika Kaskazini, wakafunga magunia ya mihogo wakayapeleka. Wizara ilifurahi kuona wananchi wanavyoipenda ngoma ya asili, ikaajiri wapigaji zaidi.

Bi Mwanamkasi yeye hakuwa na habari na ngoma. Kila kipindi alifikia salamu ya mwisho, akauliza, akangoja. Bwana Kitwana aliniambia kwamba wakati ule Bi Mwanamkasi alikuwa akibana hedifoni masikioni kwa mikono miwili, ingawa kipindi kimerekodiwa na hakuna wa kumjibu. Alijua kuwa kama mumewe yuko hai, Ijumaa atamsikia. Asichokijua ni kama yuko hai. Nasema wazi, mimi pete ya Serikali, kimya kile kilikuwa kinaniuma kuliko goti.

* * *

Ikakaribia Siku ya Bomba, kumbukumbu ya uzinduzi wetu. Rais, aliyekuwa akiambiwa kuwa *Habari za Huko* ndicho kipindi kinachothibitisha anavyopendwa, akataka awe mgeni wa kipindi, palepale Mabirika. Hapo ndipo Waziri Mchopanga alipoanza kukosa usingizi. Maana sheria iko wazi: Sauti ya Rais haikatwi, haipunguzwi, wala haifunikwi na ngoma. Asingeweza kurekodiwa akapelekwa mkasini. Ilibidi kipindi kiende moja kwa moja.

Studio ikapakwa rangi, chumba kikagawanywa kwa kioo. Walinzi wakazikagua trei za mayai kama zina mayai. Waziri akamwandalia Bi Mwanamkasi karatasi, akamfanyisha mazoezi mwenyewe.

"Wewe utasema, 'Habari za Taifa?' Mtukufu atasema, 'Nzuri.' Hapo kipindi kimekwisha, unapigwa wimbo wa Taifa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa. Nisimwamkie?"

"Rais haamkiwi. Rais anashangiliwa."

Ijumaa ikafika. Vituo vyote vimejiunga. Nchi nzima imetulia, hata wauza samaki wameacha kuita. Waziri amekaa nyuma ya kioo, karibu na fundi mitambo, kidole kikimwonyesha kitufe cha wimbo wa Taifa. Rais akaketi, akavaa hedifoni juu ya kofia yake ya manyoya. Bi Mwanamkasi akaitazama ile karatasi, akaigeuza chini juu, akasema:

"Shikamoo, baba."

Tangu Rais aingie Ikulu watu walimpokea kwa kaulimbiu, kwa vigelegele na kwa mizinga. Shikamoo ilikuwa imempita miaka chungu nzima. Tulimsikia akivuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya hotuba. Ilikuwa ya mzee tu, kama wazee wa mtaani kwako.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu. Njema kabisa."

Waziri akamkandamiza fundi begani: wimbo! Fundi akamwonyesha kwa ishara kwamba Mtukufu bado anazungumza, na sheria ni sheria.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, anawasalimu. Ila miguu, unajua tena utu uzima."

"Mpe pole. Na watoto?"

"Wazima wote. Ila wako ng'ambo, hawapigi simu mpaka waishiwe."

"Ndio watoto wa siku hizi, baba. Mifugo je?"

"Ah, ng'ombe wamenona!" Rais alicheka, na nchi nzima ilikuwa haijawahi kumsikia akicheka. "Wamenona mwaka huu, ila dume langu moja limevunjika pembe." Waziri alikuwa sasa anagonga kioo kwa ngumi zote mbili, lakini kioo cha studio kimewekwa makusudi kisipitishe sauti.

"Pole, baba. Na wageni? Wageni wako hawajambo?"

Aliuliza kwa sauti ileile, wala haikutetema. Na Rais, mtoto wa mama yake, aliyelelewa kama tulivyolelewa sote, akajibu hivyohivyo akiwa bado na kicheko mdomoni:

"Hawajambo. Wageni wote hawajambo. Ila yule kinyozi wenu wa hapa Mabirika, kikohozi hakimwachi."

Hakuna ngoma iliyopigwa. Kwa mara ya kwanza nchi yetu iliisikia "ila" ya mtu mkubwa, na ikaisikia mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini taratibu. Tulimsikia Bi Mwanamkasi akivuta pumzi mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka majini. Wengine walitarajia apige kelele. Lakini mwanamke yule alikuwa na adabu zake.

"Poleni sana kwa kuuguza, baba."

"Tushapoa, mwanangu."

"Basi tutakuja kumwona mgonjwa."

Na Rais akasema neno ambalo mtu wa kwetu hawezi kutosema, hata kama ndani hakuna kiti wala hakuna chai:

"Karibuni. Karibuni wote."

* * *

Kesho yake asubuhi Wizara ilitoa taarifa tatu. Ya kwanza ilisema kwamba Serikali haina mgeni yeyote. Ya pili ilisema kwamba mgeni huyo hana kikohozi. Ya tatu ilisema kwamba kikohozi kinaendelea vizuri. Hakuna aliyezisikiliza, kwa kuwa watu walikuwa wameshaondoka.

Walikwenda kumwona mgonjwa. Kumjulia hali mgonjwa si mkutano, hakuhitaji kibali, wala hakujawahi kupigwa mabomu ya machozi popote ninapopajua. Walitoka Kaskazini na Kusini, walitoka ng'ambo ya mto wakivuka kwa mitumbwi kwa sababu ya lile daraja. Walibeba asali, ndimu, chupa za uji, mafuta ya mnyonyo na majani ya mkaratusi. Mimi nilibeba tangawizi. Sikwenda kwa siasa, nilikwenda kwa tangawizi.

Barabara ya kwenda nyuma ya Ikulu ilikuwa imejaa. Bi Mwanamkasi alikuwa mbele, na chupa ya chai.

"Mnakwenda wapi?" akauliza askari wa lango.

"Kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Wa Rais. Ametukaribisha."

Askari akageuka kumtazama mkubwa wake. Mkubwa akapiga simu kwa mkubwa wake. Huko juu hakuna aliyethubutu kusema kwamba karibuni ya Rais si karibuni, maana kufanya hivyo kungekuwa kumkata sauti, na sheria mnaijua. Askari yule alibaki anahangaika na bunduki yake mkononi. Mwishowe mama mmoja mtu mzima akamuuliza, "Mwanangu, nyumbani kwenu wagonjwa mnawafungia mlango?" Akainamisha kichwa, akafungua.

Bi Mwanamkasi aliingia peke yake. Walipotoka walikuwa wawili. Mwinjaka alikuwa amekonda, amejikunja mkono kifuani, na yeye aliyekuwa kinyozi nywele zake zilimfikia mabegani. Mkewe alikuwa amemshika kiwiko na kumfunika kanga. Hakuna aliyeshangilia. Watu walimpa pole mmoja mmoja, naye akawa anajibu, "Nimeshapoa, nimeshapoa." Mimi nililia. Kulia hadharani bila kibali ni kosa, lakini nililia.

Jioni ikatangazwa kwamba mgeni ambaye hakuwepo ameaga na kuondoka kwa hiari yake.

* * *

Mtauliza kwa nini Ijumaa iliyofuata vituo havikuamriwa vijitoe. Ni jambo la utaratibu tu. Amri ilisema vijiunge mpaka Waziri wa Masikio atakapotangaza vinginevyo, na Waziri Mchopanga alikuwa ameshaalikwa kuwa Mgeni wa Taifa. Waziri mpya alikuwa bado hajaapishwa. Idara ya Mkasi nayo haikuletewa kitu cha kukata, kwa kuwa Bwana Kitwana alisema amesahau jinsi ya kurekodi.

Kwa hiyo kipindi kilikwenda moja kwa moja. Bi Mwanamkasi hakupokea simu hata moja. Alianza na ile salamu aliyozoea kumalizia nayo, kwa sauti ileile, sema safari hii kiti cha mbele yake kilikuwa na mtu.

"Habari za huko, mume wangu?"

Tukangoja. Tulikuwa tumezoea kungoja. Tukamsikia Mwinjaka akikohoa, akinywa kitu, akiweka kikombe mezani.

"Nzuri tu, mke wangu," alisema. "Chakula kilikuwepo. Ijumaa tulikusikia. Ila nimewaacha wengi, na wote wanakohoa."

Nyumba ya jirani nikasikia mchi unaanza kutwanga. Halafu nyumba ya pili yake, halafu ng'ambo ya barabara. Goti lilikuwa linaniuma, lakini niliinuka nikaenda kutafuta kinu changu na tangawizi, kwa maana ile karibuni ya Rais, kwa kadiri nijuavyo, hakuna aliyeifuta.